Toleo la Kwanza na Vyombo vya Mgori

Rehema, uliniomba kurasa mbili za makabidhiano: faili gani liko wapi, nywila ya kompyuta ni ipi, na nani apigiwe simu printa ikigoma. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi moja na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Printa ikigoma, izime kwanza ukanywe chai. Mara nyingi ukirudi utaikuta imeshajirekebisha, na fundi hatajua kamwe kwamba hakuhitajika.

Kurasa hizi ni zile ambazo hukuziomba. Umeingia kwenye ofisi ya jarida ukiwa na shahada mbili, na siku ya kwanza ulinisalimia shikamoo kabla hujaitazama kompyuta, kwa hiyo nimeamua unastahili kuambiwa ukweli. Toleo la kwanza la jarida letu la taaluma za mawasiliano na habari, lile lililowekwa kwenye fremu pale mapokezi, lilibaki kidogo sana lituaibishe mbele ya mkoa mzima. Kosa lilikuwa la watu wawili. Mmoja wao ni mimi.

Mimi ni mtu wa Iramba, upande wa Sekenke, ambako baba yangu alitafuta dhahabu miaka mingi na kutulisha kwa mtama wa mama. Nilikuja Singida mjini na cheti cha uhazili, Kinyiramba cha haraka na Kiswahili cha tahadhari. Nikapewa meza, mashine ya kuchapa yenye herufi moja iliyolegea, na bosi aliyezungumza kama mtu anayekimbizwa. Siku yangu ya kwanza alinisomea barua ya kumwalika mgeni rasmi wa mahafali. Mimi nikaandika “mgeni rahisi”. Barua ikaenda. Mgeni akaja, akahutubia vizuri, na mwishoni akashukuru kwa mwaliko na kusema kwamba ni kweli, yeye si mtu mgumu kupatikana. Ukumbi haukuelewa. Nilielewa mimi peke yangu, nikakaa nyuma ya pazia la jukwaa mpaka wali ukaisha.

Miaka ikapita, mashine ikaenda stoo, kompyuta zikaja. Wakuu wa chuo wawili wakaondoka. Wa tatu ndiye Dakta Gunda, ambaye wewe humjui isipokuwa kwa picha. Alikuwa mtu mzuri, msomi wa kweli, na alipenda tai hata mwezi wa Oktoba, wakati mji mzima unatafuta kivuli. Aliporudi kutoka kwenye kongamano moja Dar es Salaam alikuwa na mkoba wa kitambaa wenye jina la kongamano, na wazo.

“Vyuo vyote vyenye heshima vina jarida,” alituambia ukumbini Jumatatu asubuhi. “Sisi tuna nini?”

Mwalimu mmoja wa utangazaji akasema tuna kisima. Dakta Gunda hakucheka. Kabla ya saa sita bodi ya uhariri ilikuwa imeundwa, na mimi nimeandikwa kama katibu wa jarida, kwa sababu nilikuwa mtu pekee mwenye kalamu iliyokuwa inaandika.

Jina la jarida lilichukua vikao vitatu. Jina lenyewe unalijua, sitalirudia. Ila ujue kulikuwa na pendekezo la Kilatini, na aliyelitoa bado anafundisha hapo, tena mpole.

Mhariri mkuu alikuwa Mwalimu Njiku, na huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mhariri wa gazeti Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akarudi nyumbani kwao Singida kulima alizeti na kufundisha uhariri kwa muda. Shahada alikuwa nayo moja tu, tena ya zamani, lakini hakuna daktari wa falsafa pale chuoni aliyethubutu kumpelekea ukurasa ambao hajausoma mara mbili. Alikuja ofisini na rula ya mbao. Aliiweka chini ya mstari, akasoma kwa sauti, akaishusha mstari unaofuata. Kama sentensi ilimkatisha pumzi, aliikata. Kama neno lilirudiwa bila kazi, aliling’oa.

“Mama Neema,” aliniambia wiki ya kwanza, “mwandishi akisema kitu mara tatu ni kwamba mara zote tatu hakujiamini.”

Basi nikajifunza kung’oa. Nikawa hodari wa kung’oa, na nikaipenda kazi hiyo kuliko inavyofaa. Utaona ilinifikisha wapi. Kuna jambo jingine alilonifundisha nawe ulishike: namba yoyote iliyo kwenye jedwali ifuatilie mpaka ilikozaliwa. Usiamini jumla ya mtu. Omba fomu zenyewe.

Mwito wa makala ulitoka, nasi tukasubiri. Ya kwanza kufika ilikuwa mahubiri, mazuri kweli, yenye neno “mawasiliano” kwenye kichwa tu. Ya pili ilikuwa muhtasari wa kikao cha kamati ya harusi, uliotumwa kwa makosa. Dada aliyeutuma akapiga simu kuomba tusiusome. Tulikuwa tumeshausoma, na Mwalimu Njiku alikuwa amesahihisha herufi kubwa. Baadaye zikaja makala za kweli, tukazichagua tano.

Halafu kukawa na suala la kuficha majina. Wasomaji wa kutathmini makala hawapaswi kumjua mwandishi, wala mwandishi asiwajue wao. Wewe umefundishwa hivyo, na kwenye kompyuta ni jambo la dakika moja. Lakini sisi tulikuwa na walimu kumi na wanne waliokula meza moja kila mchana. Nilifuta majina, nikafuta shukrani, nikafuta hata jina la mke wa mtu lililokuwa kwenye tanbihi. Ripoti ya kwanza ikarudi hivi: “Mwandishi huyu, ambaye simfahamu, ameandika vizuri. Nampa pole kwa msiba wa shangazi yake.”

Kati ya zile tano, makala iliyobeba toleo ilikuwa ya Dakta Gunda mwenyewe. Sikulaumu. Jarida lilikuwa wazo lake, na utafiti ulikuwa umefanyika kweli. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa wamekwenda Mgori, kijiji cha wakulima karibu na msitu wenye jina hilohilo, wakapita nyumba kwa nyumba na fomu za dodoso. Matokeo yalikuwa ya kushangaza. Nyumba za Mgori, kwa mujibu wa makala, zilikuwa na vyombo vya habari vingi kuliko watu waliokaa ndani yake. Karibu vyote vilimilikiwa na wanawake. Vilitumika mara mbili kwa siku, mchana na jioni, jambo ambalo Dakta alilieleza kwa kurasa nne kuwa linaendana na saa za taarifa ya habari. Akahitimisha kwamba watafiti wa mijini wamewadharau wanawake wa vijijini kwa muda mrefu, na kwamba Mgori inaongoza nchi kwa “utajiri wa mawasiliano”.

Wasomaji wawili waliitathmini. Mmoja aliisifu na kuomba marejeleo zaidi. Mwingine aliisifu na kuomba marejeleo yake mwenyewe. Ofisi ya mgeni rasmi wa uzinduzi ikaomba ikisiri, yaani muhtasari wa makala hiyo, ili iandae hotuba. Nikaituma.

Zikabaki siku chache kwenda mtambo wa uchapaji. Mwalimu Njiku alikuwa na makala nyingine, akaniambia, “Jedwali la Mkuu liangalie wewe. Omba fomu.”

Fomu zilikuwa stoo ndani ya kiroba cha mbegu. Zilikuwa hazijafunguliwa tangu mwanafunzi mmoja alipoingiza namba zake kwenye kompyuta. Majibu ya maelezo hakuna aliyeyahitaji, kwa hiyo hakuna aliyeyasoma. Nikaketi sakafuni, nikaanza kuhesabu. Fomu ya sita au ya saba, chini kabisa, kwenye swali la kueleza hali ya vyombo, mwanafunzi alikuwa ameandika kwa mwandiko safi: “Vitatu vimetoboka, kimoja hakina mfuniko.”

Nilicheka mpaka nikajishika ubavu. Nikafungua nyingine. “Ni kipi unachokiamini zaidi?” Jibu: “Sufuria kubwa.” Nyingine: “Vya plastiki havidumu.” Nikaendelea kucheka, na bado nikicheka nikageuza fomu kutazama swali lilivyochapwa. Hapo kicheko kikaisha.

Juu kulikuwa na kichwa cha habari: SEHEMU B: VYOMBO VYA HABARI. Chini yake maswali matano. Una vyombo vingapi nyumbani? Nani anavimiliki? Unavitumia mara ngapi kwa siku? Vyombo, vyombo, vyombo, na neno “habari” halikuwemo hata mara moja. Mwanafunzi aliyesimama juani mbele ya nyumba ya ishirini hasomi kichwa cha sehemu, anasoma swali. Na mama anayeulizwa ana vyombo vingapi anataja sahani.

Fomu ile niliichapa mimi. Dakta Gunda alikuwa ameniletea rasimu ya kurasa mbili, kila swali likisema “vyombo vya habari”, akasema itoshe ukurasa mmoja. Mimi, mwanafunzi mpya wa Mwalimu Njiku, nikaona neno “habari” linarudiwa bila kazi. Nikaling’oa kila mahali na kuliacha kwenye kichwa. Nakumbuka nilijipongeza.

Nikampelekea Mwalimu Njiku fomu kumi na kumweleza yote bila kujitetea. Alizisoma kwa rula yake, moja baada ya nyingine. Hakucheka na hakunigombeza.

“Wanafunzi hawa wameandika walichoambiwa, neno kwa neno,” alisema. “Katika utafiti wote huu, waandishi wa habari ni wao tu. Lakini tusimwendee Mkuu na kicheko. Twende Mgori kwanza, tukamsikie mtu kwa mdomo wake.”

Tulikwenda kwa bodaboda mbili. Gari la chuo huombwa kwa Mkuu, na Mkuu ndiye tuliyekuwa tunamchunguza. Tulikuwa na fomu ya Bi Zaituni, mjane, mkulima, mwenye ile sufuria kubwa ya kuaminika. Tulimkuta uani akianika alizeti kwenye turubai. Alikuwa mama mwembamba wa umri wa Mwalimu Njiku hivi, na macho yake yalitukagua kuanzia viatu.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba mwanangu. Karibuni.” Akamsalimia Mwalimu kwa Kinyaturu, wakaulizana ukoo mpaka wakakutana kwa babu fulani. Kisha akatazama bodaboda zetu, akatazama nyuma yake, akatazama tena. “Mmekuja mikono mitupu? Sufuria ziko wapi?”

“Sufuria gani, mama?”

“Wale wanafunzi si walikuja kuhesabu vyombo? Walikuwa na adabu, walikaa, walinywa maji. Wakauliza nina vyombo vingapi na hali yake. Mimi na wenzangu tukasema basi, kuna msaada unakuja. Tukawatajia vibovu vyote. Wengine vizuri wakaviingiza ndani.” Akacheka kidogo, kisha akazitazama tena bodaboda zetu. “Mpaka leo tunasubiri.”

Kwa hiyo hata kama Dakta angeandika makala ya masufuria, namba zake zingekuwa za uongo. Sikuweza kumtazama usoni. Mwalimu Njiku akamweleza polepole kwamba hakuna msaada, hakukuwa na msaada tangu mwanzo, na kwamba chuo kilitaka kujua jinsi watu wa pale wanavyopata habari.

“Habari?” akasema Bi Zaituni. “Habari ninazo nyingi. Mbona hawakuniuliza?”

Basi tukamuuliza, naye akatueleza huku akigeuza alizeti kwa mkono. Alikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka, aliyoichajisha dukani. Redio ilikuwa ya marehemu mume wake, na ilikufa kabla yake. Msimu uliopita ulizunguka ujumbe kwenye simu za kijiji kwamba wanunuzi wanakuja na bei mara mbili, watu wakazuia magunia. Yeye alimpigia binti wa kaka yake anayeuza mafuta sokoni Singida. Binti akasema, “Shangazi, hakuna kitu kama hicho.” Akauza siku ileile. Waliosubiri walikuja kuuza kwa huzuni.

“Kwa nini ulimwamini binti kuliko ujumbe?” Mwalimu akamuuliza.

“Yule akinidanganya, siku ya msiba tutakutana nitamsema mbele ya watu. Ujumbe ule haukuwa na shangazi. Ningemsema nani?”

Mwalimu Njiku alitoa kalamu. Nilimfahamu kwa muda wa kutosha kujua kwamba hakuitoa kalamu ovyo.

Kesho yake tuliingia kwa Mkuu. Mwalimu alisema, mimi nilishika fomu. Dakta Gunda alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekunja vidole, kisha akafanya jambo ambalo nimewaona wasomi wengi wakilifanya baada yake. Alijaribu kuliokoa kwa nadharia.

“Lakini Mwalimu,” alisema, “kwa maana pana, sufuria nayo ni chombo cha mawasiliano. Moshi ukionekana, jirani anajua kuna chakula. Sufuria ikiazimwa, kuna ujumbe.”

“Ni kweli,” Mwalimu Njiku akajibu. “Hiyo ni makala nyingine, Mkuu. Nitaipokea ukiiandika.”

Dakta akabadilika rangi. Akauliza nani mwingine anajua. Akasema mgeni rasmi ameshapata ikisiri, kadi zimeshasambazwa, na chuo kinatazamwa na wakubwa wanaofikiria kama kiendelee kujitegemea au kiunganishwe na kingine. Hayo ya mwisho hatukuwa tunayajua. Nikaelewa tai ile ilikuwa inambana wapi. Akasema marekebisho yatakuja kwenye toleo la pili, kimyakimya, kwa herufi ndogo.

Mwalimu Njiku akasimama. “Basi jina langu utalitoa kwenye ukurasa wa pili,” akasema bila kupandisha sauti, akatoka na rula yake.

Saa nane mchana nikapokea karatasi yenye saini: “Katibu wa Jarida, peleka kazi kwa mchapaji kesho asubuhi kama ilivyo.” Mafaili yalikuwa kwangu. Nilikuwa na watoto wawili sekondari, na sikuwa na shahada ya kuniombea kazi mahali pengine. Nisikudanganye, Rehema, nilifungua lile faili na kulinakili kwenye diski. Nikalitazama. Kisha nikaenda stoo, nikabeba kile kiroba begani, nikagonga mlango wa Mkuu.

“Mkuu,” nikasema, “kazi iko tayari na nitaipeleka, maana umeagiza. Ila fomu hii niliyeiharibu ni mimi. Uliniambia itoshe ukurasa mmoja, nikaondoa neno ambalo sikupaswa kuliondoa. Kosa ni langu, kabla halijawa lako. Nakuomba kitu kimoja. Soma fomu kumi. Zozote. Halafu unipe jibu.”

Alisukuma makaratasi pembeni ya meza. “Weka hapo,” akasema.

Meza yangu na yake zilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kwa miaka yote nilisikia hata anapomenya chungwa. Nilikaa mikono mapajani. Nikasikia karatasi zikigeuzwa. Kimya. Karatasi tena. Kimya kirefu, nikaanza kufikiria maneno ya kumwambia Neema kuhusu ada. Halafu nikasikia sauti ambayo kwanza nilidhani ni kikohozi. Kikaja tena. Mkuu wa Chuo alikuwa anacheka, kicheko cha mtu anayejaribu kukizuia kwa leso, mpaka kikamshinda na kugonga ukuta.

Akatokea mlangoni bila tai, miwani mkononi, macho yamelowa.

“Mama Neema, huyu hapa nimemuuliza ni chombo gani anachokiamini. Anasema chungu cha mama yake, kwa sababu hakijawahi kuunguza maharage.” Akakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia. Kicheko kikamtoka polepole. “Nimeandika kurasa ishirini na sita kuhusu mama huyu. Fomu yake sikuwahi kuishika.”

Kuna wakati katibu anatakiwa kuwa samani.

“Iondoe,” akasema. “Na mwambie Mwalimu Njiku jina lake libaki pale lilipo.”

Toleo likatoka na makala nne, jembamba kama daftari la mahudhurio. Ukilitoa lile la mapokezi kwenye fremu utaona. Karatasi za jalada ni nzito kuliko za ndani, kwa sababu tulizichagua tukitegemea kitabu kinene.

Ungedhani yameisha. Lakini katika haraka ile, hakuna aliyekumbuka kuiambia ofisi ya mgeni rasmi. Aliyetuma ikisiri ni mimi, na aliyepaswa kuifuta ni mimi, kwa hiyo hapa tena usiende mbali kumtafuta mwenye kosa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Dakta Gunda alikuwa ameagiza Bi Zaituni na mama wenzake watatu waletwe kwa gari la chuo na kukalishwa safu ya mbele. Alitaka kuwaomba radhi baada ya sherehe, faraghani, kwa ustaarabu. Mgeni rasmi akapanda jukwaani, akafungua karatasi, akaanza kusoma kwa sauti nzito kwamba amefarijika sana na utafiti uliothibitisha kuwa akina mama wa Mgori wanaongoza kumiliki vyombo, na kwamba wanavitumia mchana na jioni bila kukosa.

Ukumbi ukapiga makofi. Safu ya mbele mama mmoja alimnong’oneza Bi Zaituni kitu kwa Kinyaturu, na wote wanne wakainamisha vichwa, mabega yakitetemeka. Mimi nilitafuta lile pazia la jukwaa. Lilikuwa limetolewa likafuliwe.

Nikamtazama Dakta Gunda. Angeweza kunyamaza. Wakubwa wa kuamua hatima ya chuo walikuwa safu ya pili, na hakuna hata mmoja wao ambaye angelisoma jarida kugundua kwamba makala ile haimo. Akasubiri mgeni amalize, akapanda, akashika maikrofoni.

“Mheshimiwa mgeni rasmi,” akasema, “ulichokisoma ni chetu, na ni makosa. Si yako, ni ya kwetu.” Akaeleza. Alieleza fomu, neno lililong’olewa, sufuria zilizotoboka, mifuniko. Hakunitaja. Alisema “fomu yetu”, “haraka yetu”. Mwanzoni ukumbi ulikuwa unatafuta mlango kwa macho. Alipofika kwenye chungu kisichounguza maharage, Bi Zaituni hakuweza tena kujizuia, akacheka kwa sauti, na ukumbi ukamfuata. Mgeni rasmi alicheka wa mwisho, baada ya kuangalia kushoto na kulia, lakini alicheka vizuri.

Kisha Dakta akawageukia wale mama wanne. “Mlisubiri kitu ambacho hatukukiahidi, lakini mlielewa hivyo kwa sababu yetu. Nawaomba radhi. Nikiruhusiwa, nitakuja mwenyewe kuuliza upya.”

“Uje,” Bi Zaituni akajibu kutoka kitini. “Lakini uje na maswali yote. Usiyakate.”

Wakubwa wa safu ya pili hawakutuunganisha na chuo kingine mwaka ule, wala uliofuata. Sababu sikuwahi kuijua, nisije nikakutungia. Sherehe ikaisha kwa pilau, nami safari hii nilikula.

Dakta alikwenda kweli. Alikaa Mgori siku nane bila fomu wala tai, akabeba magunia, akasikiliza. Alipomaliza kuandika, Mwalimu Njiku akaweka sharti jipya, ambalo bado liko kwenye mwongozo wa waandishi na ambalo wageni hulishangaa: mtu aliyenukuliwa asomewe alichonukuliwa kabla makala haijaenda kwa mchapaji. Tukarudi uani kwa Bi Zaituni, sisi watatu. Mwalimu akasoma kwa sauti, rula chini ya mstari, na palipokuwa pagumu akaeleza kwa Kinyaturu. Mama alisikiliza akipepeta, hakusema neno kwa kurasa kumi na tano. Dakta akaanza kutabasamu. Ndipo wakafika kwenye sentensi iliyosema kwamba wakulima wa alizeti huamini habari ya ndugu kuliko chanzo kingine chochote.

Ungo ukasimama.

“Hapo sikusema hivyo,” akasema Bi Zaituni. “Sikusema tunamwamini ndugu. Nilisema tunaanza na ndugu. Ndugu naye anakosea, kaka yangu amekosea mara nyingi tu. Tunaanza naye, halafu tunauliza mwingine.”

Dakta Gunda akafunua kurasa za mwisho, akazitazama kwa uchungu. “Lakini mama, hitimisho lote nimelijenga juu ya neno hilo.”

“Basi jenga upya, mwanangu,” akasema, na kuendelea kupepeta. “Mimi niko hapa.”

Kwa hiyo, Rehema, watu wakikuuliza kwa nini toleo la pili lilichelewa miezi mitano, waambie hivyo.